Wodi ya Saba, Safu ya E

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Jina hilo alipewa na wauguzi wiki ya kwanza alipoajiriwa hospitalini, kwa sababu ya miwani yake minene na kwa sababu ukimwuliza swali dogo alikujibu kwa maelezo marefu mpaka ukajuta kuuliza. Kazi yake ilikuwa kutunza programu ya kompyuta ya hospitali, ile ambayo maabara inaingiza majibu ya vipimo na wodi zinayasoma papo hapo bila mtu kukimbizana na karatasi kwenye korido. Aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, miaka minne iliyopita. Ukitaka kumwona akitabasamu mpaka gego la mwisho, mwambie tu kwamba programu ile haijawahi kuzima hata siku moja.

Asubuhi ile hakuwa na tabasamu. Saa tano kamili kamati ya nidhamu ingekaa ofisini kwa mganga mkuu kuamua kama mpimaji mkuu wa maabara afukuzwe kazi, na mpimaji huyo alikuwa mama yake mdogo. Tena si mama mdogo wa kuonana naye kwenye harusi na misiba tu. Ndiye aliyemchukua siku mama yake mzazi alipozikwa, akiwa na miaka sita, akamlea, akamchapa alipostahili kuchapwa, akamsomesha kwa mshahara wa kuinamia hadubini. Mpaka leo waliishi nyumba moja. Mama mdogo alikuwa na miaka thelathini na moja kwenye maabara ile bila doa, na karatasi iliyompaka doa ilikuwa na saini ya Profesa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, mzee mmoja fundi viatu alilazwa wodi ya saba akiwa anatapika damu. Akatolewa damu kidogo ya kupimwa, ikapelekwa maabara, mama mdogo akaipima. Muuguzi akasoma majibu kwenye kompyuta ya wodi: kiwango cha damu kumi na mbili nukta nane. Hicho ni kiwango cha mtu mwenye nguvu zake, anayeweza kubeba gunia na kupiga mluzi huku. Daktari wa zamu, aliyekuwa na wagonjwa sitini na mikono miwili, akaona hakuna haja ya kumwongezea damu mtu mwenye damu ya kutosha. Akampa dawa za tumbo, akamruhusu. Mzee akaondoka akishikiliwa mkono na binti yake. Siku ya pili akaanguka mlangoni kwake, na kabla hajafikishwa hospitali alikuwa ameshakata roho.

Kwenye uchunguzi mama mdogo alisema jambo moja tu, hakuliongeza wala kulipunguza: alipima nne nukta moja, na aliandika nne nukta moja. Nne nukta moja ni kiwango cha mtu anayechungulia kaburi. Basi mganga mkuu akamwita Profesa, akamwagiza afungue kompyuta, aandike kitanda cha marehemu na tarehe ile, achape kitakachotokea. Profesa akaandika. Kikatokea kumi na mbili nukta nane, kimeingizwa na mpimaji mkuu, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Akachapa, akaweka saini. Alipoulizwa kama mashine inaweza kukosea, alijibu bila kupepesa macho kwamba mashine inahifadhi kile ilichopewa, basi. Daftari la kulinganishia halikuwepo. Madaftari ya maabara yalifutwa miaka minne iliyopita, na aliyeshupalia yafutwe, akatoa hotuba nzima kwamba karatasi ndiyo chanzo cha makosa, mnamjua.

Tangu siku ile nyumbani waliongea mambo ya funguo na maji ya kuoga tu. Mama mdogo hakumlaumu. Laiti angemlaumu, Profesa angepata pa kujitetea.

Saa tatu na nusu alikuwa ofisini kwake, kachumba kenye dirisha moja linalotazama kamba za mashuka ya wagonjwa, anajifanya anafanya kazi. Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa muuguzi wa wodi ya saba, ambaye wenzake wanamwita Filimbi kwa sababu ya sauti yake, maana akiita mgonjwa wa wodi ya saba hata wa wodi ya pili anaitika.

"Profesa, hebu niambie, sisi tutaishi vipi?"

"Kuna nini, dada?"

"Safu ya E. Nani atatusomea majibu ya safu ya E? Tangu mama yako asimamishwe, nikipiga simu maabara, aliyekaimu nafasi yake ananijibu niangalie kwenye kompyuta. Niangalie nini, na mimi najua haimo?"

Profesa aliweka kalamu chini. Wodi ya saba aliijua vizuri. Ndiyo kubwa kuliko zote. Wodi nyingine zina safu mbili au tatu za vitanda, hii ina tano, kuanzia A mpaka E. Kila kitanda kinaitwa kwa namba ya wodi, herufi ya safu na namba yake: 7A1, 7C4, na kuendelea. Safu ya E imebanwa ukutani upande wa masinki. Ina vitanda vitatu tu, cha pili mpaka cha nne, maana palipotakiwa kuwa na cha kwanza waliweka kabati la mashuka.

"Haimo kivipi?" akauliza.

"Haimo. Ukiandika 7E2, haipatikani. 7E3, haipatikani. 7E4, ndiyo kabisa. Sisi tumeshazoea, tunasema safu ile ina mkosi. Tunampigia mama yako, anatusomea, tunaandika, maisha yanasonga."

"Tangu lini?"

"Tangu mtuletee hizo kompyuta. Kwani wewe hukujua?"

Miaka minne. Programu ambayo haijawahi kuzima, programu aliyokuwa akiitembelea wodi hadi wodi kuuliza kama kuna tatizo, na kila mtu akimjibu hakuna, mambo safi.

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama yako alisema tusikusumbue. Alisema mko nyumba moja, atakwambia mwenyewe." Filimbi akaegemea mlango. "Hakukwambia?"

Profesa alikuwa na swali jingine, na alilitoa polepole kwa sababu aliogopa jibu lake. "Yule mzee fundi viatu alilala kitanda gani?"

"7E2."

"Na majibu yake mliyaona kwenye kompyuta."

"Siku ile ilikubali." Uso wa Filimbi ulichangamka kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo jema. "Siku ile tu. Niliandika kwa mazoea kabla ya kunyanyua simu, nikaona majibu haya hapa. Nilifurahi, nikawaambia wenzangu, Profesa ameturekebishia. Hata simu sikupiga." Kisha ile sauti yake ya kusikika wodi tatu ikashuka mpaka ikawa ya kunong'ona. "Profesa. Hukuirekebisha?"

"Sikuigusa."

Nje mtu alikuwa anaanika mashuka, akiyapiga kwa nguvu kabla ya kuyatandaza kambani.

"Kamati waliniuliza niliona nini," Filimbi alisema. "Nikasema nilichoona. Hawakuniuliza siku nyingine inakuwaje."

Akaondoka bila kuaga, akatembea kwa hatua fupi kama mtu aliyebeba beseni lililojaa.

Profesa aligeukia kompyuta. Aliandika 7D2, majibu yakaja. Akaandika 7E2, tarehe ya leo. Haipatikani. 7E3, haipatikani. 7E4, haipatikani. Akarudisha tarehe wiki tatu nyuma, akaandika 7E2, na kumi na mbili nukta nane ikamkodolea macho kama ilivyomkodolea siku aliyoweka saini.

Siku ile aliuliza kupitia mlango wa mbele, ule ule wanaoutumia wauguzi. Sasa akaingia kwa mlango wa nyuma, kwenye ghala la kumbukumbu zenyewe, mahali ambapo kila jibu limelala kama lilivyoingizwa na hakuna programu ya kumtafutia mtu. Alikosea neno la siri mara mbili. Akaipata tarehe. Akashuka na orodha kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma, mpaka akafika kwenye 7E2.

Nne nukta moja. Mpimaji mkuu. Saa nne na dakika tano.

Ilikuwa hapo siku zote. Mama yake mdogo alipima nne nukta moja, akaandika nne nukta moja, na yeye mtoto wake wa kumlea akaenda kusaini kwamba ni mwongo.

Kisha likaja swali la pili, nalo lilikuwa baya zaidi. Hii kumi na mbili nukta nane ni ya nani? Akaitafuta kwa saa. Saa tatu na dakika arobaini, mpimaji mkuu, kumi na mbili nukta nane, mgonjwa wa nje namba 700.

Wagonjwa wa nje, wale wanaokuja na kurudi nyumbani, hawana vitanda. Wanapewa namba kila asubuhi mapokezini, kuanzia moja. Siku ya kawaida wanafika mia tatu, mia nne wakizidi sana. Lakini wiki ile bomba kuu la maji lilikuwa limepasuka, wagonjwa wa nje wakarudishwa siku tatu mfululizo, na siku ya nne wakaja wote kwa mkupuo tangu alfajiri. Mia saba thelathini na mmoja. Namba 700 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekuja kupimwa afya ili aanze kazi. Na kwa kuwa Profesa alijivunia kutunza siri za wagonjwa, kwenye kioo cha kompyuta ya wodi hapakutokea jina wala umri wa mgonjwa, ila ulichoandika wewe, majibu yake, saa na aliyeyaingiza.

Akafungua programu yenyewe, akateremka mpaka kwenye mstari unaohusika. Alijua atakachokikuta kabla hajakikuta, na bado kilimpiga.

Mstari ulikuwa mfupi. Kama alichoandika mtu ni namba halali, tafuta kwa wagonjwa wa nje. Kama si namba, tafuta kwenye vitanda. Ndiyo hivyo tu. Sheria ya kukagua kama maandishi ni namba halali hakujisumbua kuiandika mwenyewe, kwa nini ajisumbue, wakati lugha ya kompyuta ina chombo chake tayari: unakipa maandishi, kinakujibu ni namba au si namba. 7A1 si namba. 7C4 si namba. Mtoto wa shule anajua 7E2 si namba. Lakini chombo kile kilisoma vitabu kuliko mtoto wa shule. Watu wa sayansi wakitaka kuandika namba kubwa kwa kifupi huweka E katikati, na tarakimu inayofuata inahesabu sifuri. Saba, E, mbili, ni saba na sifuri mbili nyuma yake. Mia saba. Namba halali kabisa, haina kasoro.

7E3 ni elfu saba, 7E4 ni elfu sabini. Hospitali haijawahi kupata wagonjwa wa nje elfu saba kwa siku, kwa hiyo haipatikani, haipatikani, haipatikani. Miaka minne safu nzima ilikuwa inatafutwa kwenye foleni ya watu ambao hawajawahi kuwepo. Mpaka siku moja mtu wa mia saba akafika.

Na kilichomkata maini Profesa ni kwamba jambo hili alilijua. Si kwamba halikuwahi kumpitia masikioni. Alifundishwa chuoni, alilifanyia mtihani, alipata alama za juu, aliwahi hata kuwaeleza wenzake ubaoni kwa majivuno yote. Alipoipima programu yake alijaribu 3A1, akajaribu 5B2, akajaribu 7C4, akaridhika. Pembeni ya mstari ule, kwa mkono wake, aliacha maelezo ya kumsaidia atakayekuja baadaye: hapa ni rahisi, hakuna la kuangalia.

Alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika hamsini na tano.

Sitamficha mtu: lilimjia wazo. Mstari ule angeweza kuurekebisha kwa dakika tano. Chombo kile kiondolewe, mahali pake iwekwe sheria ya kijinga lakini salama, kwamba namba ni tarakimu tupu, herufi hata moja ikionekana si namba. Nani angejua? Filimbi angejua, lakini Filimbi alikuwa na hofu zake mwenyewe. Wazo lilikaa kichwani muda wa kuvuta pumzi mbili, na Profesa akajichukia zote mbili. Akachapa ukurasa wa ghala, akachukua kompyuta ndogo kwapani, akatoka mbio.

Ofisini kwa mganga mkuu walikuwa wameshakaa. Mganga mkuu mwenyewe, mtu mpole mwenye tabia ya kunyoosha karatasi ambazo zimeshanyooka, alikuwa nyuma ya meza na wajumbe wawili ubavuni. Mama mdogo alikaa mbele yao, mikono mapajani, amevaa koti lake jeupe ingawa alikatazwa kuingia maabara. Kando ya dirisha alikaa binti wa marehemu, mwanamke wa makamo mwenye kanga nyeusi, aliyeomba aruhusiwe kusikia mwenyewe kilichomwua baba yake. Barua ilikuwa tayari mezani.

"Profesa, hukuitwa," mganga mkuu alisema. "Karatasi yako tunayo."

"Karatasi yangu ni ya uongo, daktari. Si mama aliyekosea. Ni mimi."

Aliwaeleza. Safari hii hakurefusha. Aliweka kompyuta mezani, akaandika tarehe ile na 7E2 wakaona kumi na mbili nukta nane, akafuta, akaandika 700 wakaona kumi na mbili nukta nane ile ile, saa ile ile. Kisha akaweka karatasi ya ghala na kidole chake juu ya nne nukta moja. Mganga mkuu alivua miwani, akaivaa tena, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Mjumbe mmoja alisema jina la Mungu kwa sauti ndogo.

"Sijaelewa," binti wa marehemu alisema. "Nieleze mimi."

Profesa akamgeukia. "Mashine ilidhani kitanda cha baba yako ni namba ya mgonjwa mwingine, dada. Ikatoa majibu ya huyo mwingine."

"Mwingine yupi?"

"Kijana mmoja aliyekuja kupimwa afya."

"Yeye mzima?"

"Mzima."

Mwanamke alitikisa kichwa polepole, kama anayeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

Mganga mkuu alikohoa. Alikuwa na uso wa mtu aliyenusurika kufanya jambo baya. "Mama," alimwambia mama mdogo, "nadhani sisi sote hapa tunakuomba radhi. Barua hii naiondoa." Akanyoosha mkono kuichukua.

Mama mdogo hakumtazama. Alikuwa anamtazama Profesa, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyeokolewa. Profesa alikimbia korido nzima akiona picha ya macho yale yakilegea, pengine yakitoa machozi, pengine wakikumbatiana. Badala yake yalikuwa yanamkataza kuendelea kusema.

"Ngoja kwanza, daktari," binti wa marehemu alisema. "Huyu Profesa wenu amesema mashine ilikuwa haiioni safu hiyo miaka minne. Sasa wagonjwa waliolala hapo miaka yote minne, majibu yao yalikuwa yanapatikanaje?"

Hapo ndipo Profesa alipopatwa na mshtuko ulioipita mishtuko yote ya asubuhi ile, kwa sababu jibu alikuwa nalo na ghafla aliona lilikokuwa linaelekea. Katika kueleza kwake alieleza yote, ila simu hakuzitaja. Alikuwa hajapanga kuzificha. Ulimi wake ulizikwepa wenyewe.

"Kulikuwa na utaratibu mwingine," alisema.

"Upi?"

"Wauguzi walikuwa—"

"Walikuwa wananipigia mimi," mama mdogo alisema.

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi tena, mwanangu. Nimenyamaza vya kutosha." Akageuza kiti chake taratibu mpaka akawa ana kwa ana na yule mwanamke wa dirishani. "Wiki ya pili tu tangu programu ianze, muuguzi alinipigia, akaniambia safu ya E haionekani. Mwanangu huyu alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Watu walikuwa wanasema ameingia kwa mgongo wangu. Wanasema pembeni, mimi nasikia. Nikaona nikisema programu yake ina kasoro, watamcheka mpaka aache kazi. Nikawaambia wauguzi waniulize mimi, nitawasomea. Nilidhani ni jambo la siku chache, nitamwambia jioni moja tukiwa tumetulia. Siku chache zikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka. Baadaye nikaona aibu, maana ningeulizwa mbona sikusema mapema."

"Na siku ya baba yangu?"

"Siku ya baba yako nilipima nne nukta moja. Niliandika, nikasubiri wanipigie. Kiwango kama kile ningetakiwa nipige mimi. Nilijua hivyo. Lakini watu walikuwa wamejaa mpaka getini, na nilishazoea kupigiwa. Simu haikulia. Saa nane nikakumbuka, nikajiambia, kama kuna neno wangepiga."

Hakulia. Alisema yote hayo kwa sauti anayosomea majibu, wazi na bila haraka, kila kitu mahali pake. Profesa alishika ukingo wa meza. Alikuja kumtoa mama yake kwenye kosa la kusoma kifaa, kosa ambalo binadamu yeyote anaweza kulifanya siku yenye watu mia saba, na sasa kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemvuta kwenye jambo ambalo halina jina jepesi. Na zaidi ya hapo: wiki tatu mwanamke huyu alikuwa tayari kufukuzwa kama mpimaji asiyejua kupima, baada ya miaka thelathini na moja, kuliko kutamka neno moja ambalo lingemfanya mtu afungue programu ya mtoto wake. Alipoambiwa na saini ya Profesa kwamba ni mwongo, aliendelea kumkingia kifua.

Na mimi sikumwuliza, Profesa aliwaza. Ningemwuliza jioni moja tu, mama, ilikuwaje. Nikaenda kuuliza mashine.

Binti wa marehemu alikuwa anawatazama kwa zamu.

"Nyinyi mnaishi nyumba moja?"

"Ndiyo," mama mdogo alisema.

"Mnakula pamoja?"

"Kila siku."

"Kila siku," yule mwanamke akarudia. "Miaka minne." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Mmekaa meza moja miaka minne, na mwenye kujua na mwenye kuweza kurekebisha, mnapeana chumvi."

Mganga mkuu alikuwa bado ameishika ile barua, hajui aiweke wapi.

"Naomba hiyo barua, daktari," mama mdogo alisema.

"Mama, nimeshasema naiondoa."

"Naomba niisome."

Alipewa. Aliisoma yote, akiisogeza mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani. Kisha akairudisha mezani na kuweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Hapa pameandikwa nilikosea kupima. Sikukosea kupima. Uongo sisaini. Kata hapa, andika kwamba nilijua programu ina kasoro, nikanyamaza miaka minne. Hiyo nitasaini."

"Hiyo ni nzito kuliko ya kwanza," mganga mkuu alisema kwa upole. "Ya kwanza inakupeleka nyumbani. Hiyo inaweza kukupeleka mbele ya hakimu."

"Najua."

Mganga mkuu aliwatazama wajumbe, wajumbe wakatazama meza. Mwishowe akachukua kalamu, akakata mstari wa tatu, akaandika maneno yale juu yake kwa mwandiko wake wa kidaktari, kisha kwa kuwa hayakusomeka akayaandika upya chini. Mama mdogo akasaini. Akaisogeza kalamu mbele ya Profesa bila kumwangalia.

"Na wewe omba karatasi," alisema. "Andika la kwako. Usiandike la kwangu."

Profesa alipewa karatasi nyeupe. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba alitakiwa kukagua kama maandishi ni namba halali na hakukagua vya kutosha. Akaandika kwamba alikuwa anajua. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka kama za mtoto, na alipofika mwisho hakukumbuka saini yake inaanzia wapi; ikabidi aitazame kwenye ile karatasi ya uongo, aige.

Binti wa fundi viatu alisimama, akaja mpaka mezani, akaziangalia karatasi mbili zilizosainiwa. Akamgeukia mganga mkuu.

"Na mimi nasaini wapi?"

"Wewe, mama? Hapana. Wewe huna pa kusaini."

Alisimama pale kidogo, kama hakuelewa. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akauliza mlango wa kutokea ni upi.